Kwa nini zawadi za kufuma kwa mkono zinaishia kabatini? Nimemfumia mama sweta, anavaa jaketi la mtumba

#1 Sindano Nne

Habari za jioni wanajamvi. Naomba tulijadili hili kwa uzito, maana linanikera muda sasa.

Mimi nafuma. Sifanyi biashara, nafumia ndugu zangu. Mama yuko Makete, na mnaoijua Makete mwezi wa sita na wa saba mnajua asubuhi majani yanavyoamka meupe kwa baridi. Nilimfumia sweta ya kufungua mbele, rangi ya damu ya mzee, vifungo vikubwa ambavyo vidole vyake vinaweza kuvishika, mifuko miwili ya simu na leso. Kaka yangu aliye Dar nilimfumia sweta isiyo na mikono. Mtoto wa wifi yangu nilimfumia seti nzima: kofia, soksi, sweta na shali.

Sasa sweta ya mama imo sandukuni, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni na dawa ya nondo. Akienda kuchota maji anavaa jaketi la mtumba lenye jina la timu ya Marekani asiyoijua. Kaka sijamwona nayo hata siku nilipomtembelea. Seti ya mtoto niliiona mara moja kwenye picha ya WhatsApp, basi.

Hoja yangu: ndugu zetu hawathamini kitu kilichotengenezwa kwa mkono. Cha dukani chenye lebo wanakivaa mpaka kichakae. Wafumaji wenzangu, na nyie mnaofumiwa, semeni ukweli. Kwa nini?

#2 Ngoja Waje

Siti ya mbele kabisa. Wakubwa waje.

#3 Shangazi wa Lushoto

Pole mwanangu, lakini umemsoma mama yako vibaya. Anaithamini kupita kiasi, ndiyo maana imo sandukuni. Wazazi wa rika lake kitu kizuri hakivaliwi shambani, ni nguo ya kutokea. Mimi nina mama mkwe alifumiwa shali na binti yake. Harusini anayo, kanisani siku ya Pasaka anayo, akirudi nyumbani inakunjwa inarudi chini ya vitenge. Ukimwambia avae kila siku anakushangaa, anakuuliza, "Nikiichoma na kuni je?"

Jaketi la mtumba halimuumi likichanika.

#4 Kijana wa Ilala

Mimi nianze na kaka. Dada, Dar hii hii ya jasho unamfumia mtu sweta ya nini? Akivaa wapi, kwenye daladala ya Gongo la Mboto?

#5 Sindano Nne

@Kijana wa Ilala ofisini kwao kiyoyozi kinawaka kutwa, yeye mwenyewe ndiye aliyelalamika baridi kwenye simu. Na nilimfumia isiyo na mikono makusudi, aivae juu ya shati.

@Shangazi wa Lushoto shikamoo. Hilo la kutunza nakubali kwa mama. Kwa kaka na mtoto je? Mtoto naye ana nguo ya kutokea?

#6 Fundi Molo

Salamu kutoka Molo, Kenya. Huku baridi tunaijua, na kondoo wa manyoya tunao. Kabla hatujalaumu moyo wa mtu tuulize kwanza kuhusu uzi. Uzi ulikuwa wa aina gani? Uzi mwingi unaouzwa madukani kwetu ni akriliki, na wengine wanauuza kwa jina la sufu na mnunuzi hajui.

Jaribu hivi. Kata kipande kidogo, kishike kwa koleo, kiwashie moto. Sufu inanuka kama nywele zikiungua, na majivu yake yanasagika kwa vidole. Akriliki inayeyuka, inajikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ukiona kidonge, basi ulimfumia mama plastiki.

Plastiki haitoi joto lile. Sufu inaweza kufyonza unyevu hadi kama asilimia 30 ya uzito wake kabla hujasikia kuwa imelowa. Kwa ukungu wa asubuhi wa milimani hiyo ni tofauti kubwa. Mama yako ameigundua hiyo tofauti bila kusoma kitabu.

#7 Mama Wawili Tabata

Fundi Molo hapo kwenye kuchoma uzi umenifungua macho. Nimetoka kuchoma sasa hivi uzi niliouziwa kama sufu halisi. Kidonge.

#8 Mtoto wa Tatu

Niseme jambo ambalo wengi wanalikwepa. Nguo ya kufumwa kwa mkono kwa wengi wetu ina kumbukumbu ya dhiki. Nilisoma shule ya msingi Mufindi, wenzangu walinunuliwa sweta za shule za mashine, kijani sawasawa na ya shule. Mama alinifumia kwa uzi aliopata sokoni, kijani cha majani ya mgomba. Gwaride la asubuhi nilikuwa naonekana kutoka getini. Sweta yenyewe ilikuwa nzuri, nzito, mikono mirefu ya kukunja ili nikue nayo. Lakini kila aliyeitazama alijua kwetu hakuna hela.

Nampenda mama yangu. Ila leo mtu akiniletea sweta ya kufumwa, kabla sijashukuru tumbo linanikaza. Huenda kaka yako na wewe mmekulia sweta za hivyo hivyo.

#9 Sindano Nne

@Mtoto wa Tatu tumekulia hizo hizo. Mimi ndizo zilizonifanya nipende kufuma. Nimekusoma mara mbili.

@Fundi Molo lebo ya uzi wa mama ilisema akriliki, sikudanganywa, nilinunua nikijua. Niliuchagua kwa sababu unafulika kirahisi na haunywei. Sufu Makete nani ataifua kwa uangalifu?

#10 Mwl. Mstaafu

Nilifundisha sayansi kimu miaka mingi, nina swali moja tu kwa mleta mada. Maelekezo uliyoyafuata uliyatoa wapi, na sindano ulizotumia zilikuwa namba ngapi?

#11 Sindano Nne

Shikamoo Mwalimu. Maelekezo ni ya mtandaoni, tovuti ya Marekani. Yalisema sindano namba 8. Ninazo namba 8, za chuma, nilirithi kwa bibi.

#12 Mwl. Mstaafu

Marahaba. Nilikuwa nahisi hivyo.

Sindano za bibi yako ni za kipimo cha zamani cha Kiingereza, ambacho namba ikipanda sindano inapungua unene. Namba 8 ya Kiingereza ni milimita 4. Wamarekani wanahesabu kinyume, namba ikipanda sindano inanenepa, na namba 8 yao ni milimita 5. Nimeona wanafunzi wazuri kabisa wakiangushwa na jambo hili.

Chukua mfano. Maelekezo yanataka mishono 18 kwa kila sentimita 10, na mgongo una mishono 90. Mgongo utakuwa na upana wa sentimita 50. Ukifuma kwa milimita 4 unaweza kupata mishono 22 kwa sentimita 10, na mishono ile ile 90 itakupa sentimita 41 tu. Kifua kizima kinatoka 100 kwenda 82. Mama anaivaa akiwa peke yake mbele ya kioo, haifungi, anaikunja vizuri, anakwambia "asante mwanangu ni nzuri sana".

Mzazi wa Kiafrika hawezi kukwambia zawadi yako haimtoshi. Acheni kusema haithamini.

#13 Kijana wa Ilala

Mwalimu ameingia uwanjani dakika ya 12 na amefunga goli.

#14 Ngoja Waje

Nilisema wakubwa waje.

#15 Sindano Nne

Mwalimu, nashukuru kwa elimu, hilo la namba sikulijua. Ila sikubali haraka. Nilipofuma niliipima kwa mwili wangu, na mimi na mama miili yetu haipishani. Ilinifunga. Nimemtuma mdogo wangu aende na futi kamba kesho.

#16 Dada wa Unguja

Asalaam alaykum. Nyinyi mnazungumza sweta, sie huku joto, lakini mada ni moja. Huku mwanamke humshonea mumewe au mwanawe kofia ya viua. Nguo mbili zinalazwa pamoja, zinachorwa nakshi, halafu panatobolewa vitundu vidogo vidogo na kila kitundu kinazungushiwa uzi kwa sindano ya mkono. Kazi ya miezi hiyo, na macho yanauma. Duara la juu na ule mzunguko wa pembeni hushonwa mbalimbali, ndipo huunganishwa.

Sasa mbona kofia hizi zinavaliwa? Mume aliyeshonewa haivui. Msikitini anayo, barazani anayo, arusini anayo, anaikosha na kuipiga wanga mwenyewe isipoteze umbo. Sababu ninavyoona ni kwamba kila aliyekaa barazani anajua kuitazama. Anaona viua vilivyo safi na vilivyolipuliwa, anaona nakshi ngumu na nyepesi. Mvaaji anapata heshima. Waomani nao ni hivyo hivyo na kofia zao, na wengi wana jamaa huku.

Sweta ya dada yetu nani Dar au Makete atajua kuitazama? Anayeijua ni yeye aliyeifuma. Zawadi bila watu wa kuisifu itakaa kabatini.

#17 Mkwe wa Bergen

Dada wa Unguja umepiga mule mule. Naishi Norwei, nimeolewa huku. Mama mkwe wangu anafuma kila jioni akitazama habari, na wanangu wanavaa sweta zake hadi zinawabana, kisha zinakwenda kwa binamu zao. Shuleni mwalimu anamwambia mtoto "nani kakufumia hiyo?" na mtoto anajibu kwa fahari. Huku ukivaa sweta ya kufumwa na bibi, wewe ndiye uliyependeza. Kufuma kumeingia hadi kwenye historia yao: wakati wa vita walivaa kofia nyekundu za kufuma kuwapinga Wajerumani, mpaka mwaka 1942 zikapigwa marufuku.

Lakini niongeze ambalo halijasemwa. Mama mkwe hafumi chochote bila kuuliza. Anakuja na kitabu cha picha, mtoto anachagua rangi, anapimwa mkono, kifua na urefu. Mleta mada, mama alichagua rangi? Kaka aliulizwa anataka sweta au anataka shuka?

Na sweta zao za sufu hazifuliwi kila wiki. Zinatundikwa nje kwenye hewa yenye unyevu, zinapoa, zinavaliwa tena.

#18 Shangazi wa Lushoto

Mkwe, kumwuliza mtu zawadi gani anataka si zawadi tena, ni oda. Sisi tumezoea kushtukizana.

#19 Mkwe wa Bergen

Shangazi, ukifanya kazi ya wiki na wiki halafu ikakaa na dawa ya nondo, nani amenufaika na kushtukizwa?

#20 Mama Wawili Tabata

Hapo mimi nipo na Mkwe. Mama yangu alinifumia vitambaa vya makochi kwa kroshia, vya waridi, vinene. Makochi yangu ni ya kijivu na mtoto anavivuta anavifanya pazia. Ninavyo vyote, nimevitunza, ila akija ndipo natandika. Angeniuliza ningemwomba cha mezani kimoja kikubwa, ningekitumia kila siku.

#21 Kijana wa Ilala

Kumbe ni wewe ndiye unatandika mama akipiga hodi. Siku akija bila taarifa!

#22 Mama Wawili Tabata

Ana desturi ya kupiga simu akifika Buguruni. Muda unatosha.

#23 Naogopa Kufua

Nimekuja kuwasemea wafumiwa. Dada yangu alinifumia sweta ya sufu, laini, ya gharama. Niliipenda. Dada wa kazi akaiweka kwenye maji ya moto na nguo nyingine, akaisugua kwa sabuni ya mche, akaianika. Ilitoka ngumu kama zulia na ndogo ya kumtosha mwanasesere. Ni mwaka wa ngapi sijamwambia. Akiniuliza nasema ipo. Tangu hapo kitu chochote cha kufumwa nikiletewa nakifungia mbali, nakiogopa kama yai. Maji ya moto ndiyo adui, wapendwa.

#24 Fundi Molo

@Naogopa Kufua pole, ila nikusahihishe kidogo. Maji ya moto peke yake hayajamaliza kazi. Unywele wa sufu una magamba madogo madogo kama ya samaki. Joto na sabuni vinayafungua, na kule kusugua kunayafanya yakamatane, basi hayaachiani tena. Sabuni ya mche ni kali kwa sufu. Na ukiitoa kwenye moto ukaitia ghafla kwenye baridi unazidisha. Ndivyo watu wanavyotengeneza kitambaa cha kofia nzito kwa makusudi.

Sufu ifuliwe maji ya uvuguvugu, sabuni laini, iminywe bila kusokotwa, ilazwe kwenye taulo na kukunjwa pamoja nalo inywe maji, kisha ikaushwe ikiwa imelala. Ukiianika kwenye kamba ikiwa imeloa, uzito wa maji unaivuta inakuwa kanzu. Na dawa za kung'arishia zenye klorini usiisogeze kabisa, zinaila sufu inayeyuka.

Akriliki haina magamba hayo kwa hiyo haigandi. Adui yake ni pasi. Ikipigwa pasi ya moto inalala, inanyong'onyea, hairudi.

#25 Nesi wa Zamu

Nimesoma yote. Nizungumzie seti ya mtoto, hapo hakuna aliyegusa. Mleta mada, ulimpa akiwa na umri gani na kofia ilikuwa na mzunguko gani?

#26 Sindano Nne

Nilifuma wifi akiwa mjamzito, nikasubiri mtoto atimize arobaini ndipo nikapeleka, kwetu hatupeleki nguo mapema. Kofia niliipima sentimita 34.

#27 Nesi wa Zamu

Basi kofia ilifika imechelewa. Kichwa cha mtoto anapozaliwa akiwa ametimiza miezi yake kina mzunguko wa sentimita 34 hivi, wa kiume huzidi kidogo. Akifika arobaini yupo kwenye 38. Miezi sita, 42 hadi 43. Mwaka mmoja, 45 au 46. Uzi unavutika, ndiyo, ila mtoto akibanwa paji la uso analia na mama yake anaivua. Picha moja ya WhatsApp ndiyo nafasi pekee waliyoipata.

Ukiheshimu mila ya arobaini, fumia mtoto wa miezi sita. Atakua aingie.

Na kwa wote wanaofumia wachanga: msiweke kamba za kufungia shingoni. Vifungo vishonwe mara mbili, mtoto atavivuta kwa mdomo. Soksi na glovu zigeuzeni ndani mtazame, uzi unaoning'inia unaweza kujiviringisha kwenye kidole ukakata damu. Nimeliona hilo kwa macho yangu, kidole kimevimba chekundu na mtoto analia usiku kucha wazazi wakidhani ni tumbo.

#28 Mama Wawili Tabata

Nesi Mungu akubariki. Nimekwenda kugeuza soksi zote za mwanangu.

#29 Ngoja Waje

Swali la pembeni. Kuna mtu kanisimulia Wazungu wanaamini ukimfumia mchumba sweta kabla ya ndoa mnaachana. Ni kweli?

#30 Mkwe wa Bergen

Ipo hiyo imani, wafumaji wa Ulaya na Marekani wanaitaja sana, wanaiita laana ya sweta. Mimi nilimfumia mume wangu soksi tu mpaka siku ya ndoa.

#31 Kijana wa Ilala

Laana gani, sweta moja miezi minne. Uchumba wa siku hizi unafika miezi minne?

#32 Shangazi wa Lushoto

Ilala, wewe fumiwa kwanza.

#33 Sindano Nne

Jamani nimerudi na vipimo. Mdogo wangu amepima sweta ikiwa imefungwa vifungo: kifua sentimita 92. Mama amepimwa juu ya blauzi: 90. Kwa hiyo Mwalimu, inamtosha.

Nimeongea naye pia kwenye simu. Nimemwuliza wazi, "Mama, sweta ina tatizo gani?" Akasema haina tatizo lolote, anaiwekea ubarikio wa mjukuu wake mwezi wa kumi na mbili.

#34 Shangazi wa Lushoto

Nilisema nini?

#35 Mwl. Mstaafu

Tusherehekee polepole. Kwa mfano wangu ule maelekezo yaliahidi 100, imetoka 92. Hiyo ni karibu mishono 19 na nusu kwa sentimita 10 badala ya 18. Mkono wako unalegeza uzi, ndio uliokuokoa, vinginevyo ungepata 82. Lakini sweta ya nje ya baridi inataka nafasi ya sentimita 8 hadi 12 juu ya kifua. Mama wa Makete asubuhi amevaa gauni, blauzi, pengine fulana ya marehemu baba, na khanga juu. Umempimia juu ya blauzi moja. Kwa mavazi yake ya kweli ya saa kumi na mbili asubuhi, 92 haifungi.

Na mwezi wa kumi na mbili Makete si kipindi cha baridi kali. Kwa nini aivae wakati wa mvua na asiivae mwezi wa saba? Kwa sababu siku ya ubarikio atakuwa na gauni moja tu ndani.

#36 Shangazi wa Lushoto

Mwalimu, mwenyewe amesema kwa mdomo wake anaitunza.

#37 Mwl. Mstaafu

Angesema nini kingine kwa mtoto aliyemfumia?

#38 Mtu wa Kinangop

Mimi nimesoma kimya kutoka mwanzo. Wote mmesahau jiko. Shosho yangu, yaani bibi, anapika kwa mafiga matatu, anainama kupuliza moto, cheche zinaruka. Tulimnunulia sweta ya akriliki, cheche moja ikaacha tundu lenye ukingo mgumu, nyingine karibu imshike mkono. Akriliki inashika moto na kuyeyukia ngozini. Sufu inawaka kwa shida, na ukiitoa kwenye moto huwa inazimika. Shosho hajui kemia, lakini sweta ile hakuivaa jikoni tena, akarudia koti lake kuukuu la sufu kutoka mitumba.

Mleta mada, lile jaketi la mama lina kitambaa gani nje? Na mama anapikia nini?

#39 Sindano Nne

Kuni. Jaketi sijui, nitauliza.

Hili la moto limenigusa kuliko yote. Sitaki hata kulifikiria sana.

#40 Fundi Molo

@Mtu wa Kinangop umenikumbusha. Sufu halisi mnaipata mitumba kwa bei ya kutupa, hapo Gikomba au Karume. Tafuta sweta kubwa ya mwanaume, lebo iseme sufu tupu. Ila kabla hujalipa igeuze ndani utazame mshono wa ubavuni. Ukiona kingo zimefumwa tu na kuunganishwa kwa uzi mmoja kama mnyororo, nunua, itafumuka yote mstari mmoja mrefu. Ukiona zimekatwa na kushonwa kwa overloki, iache, utapata vipande vifupi vifupi visivyofaa kitu. Na ikiwa imeshaganda kama ya yule wa #23, haifumuki hata kwa dua.

Fumua kuanzia shingoni ilikofungwa mishono. Viringisha uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usichanganyikane, uloweke maji ya uvuguvugu, utundike na kitu chepesi chini yake. Mikunjo inaisha. Sweta kubwa ya mwanaume inaweza kukupa gramu 500 na zaidi, inatosha sweta ya mama wa umbo la wastani.

#41 Mama Wawili Tabata

Mtumba ukageuka zawadi ya mkono! Jumamosi niko Karume.

#42 Kaka wa Sinza

Nimeguswa na mada kama mwanaume anayefumiwa. Mke wangu na dada zangu wote wanafuma. Ukweli wangu: kitu cha kununua ukikivaa umemaliza. Cha kufumiwa ukikivaa unaulizwa, "umekipenda? kinakubana? ulivaa wapi? walisemaje?" Na usipokivaa unaulizwa zaidi. Kinakuja na deni. Dada yako akija kutembelea anakuangalia kifuani kwanza kabla ya salamu. Huenda kaka yake anaivaa ofisini siku zote na siku ile tu alikuwa ameifua.

#43 Sindano Nne

@Kaka wa Sinza deni gani? Sijawahi kumdai mtu kitu.

#44 Kaka wa Sinza

Dada, umefungua uzi mzima.

#45 Dada wa Unguja

Hapo kaka umemkosea. Mtu akikaa miezi anakufikiria kila mshono, akitaka kuiona kazi yake mwilini mwako hiyo si deni. Ndio adabu ya kupokea.

#46 Mtoto wa Tatu

Nipo katikati yenu. Deni lipo, ila ni la haki.

#47 Sindano Nne

Nauliza la mwisho kwa leo, maana nimeshaanza kutafuta sufu. Mnaonaje nikiichukua ile ya damu ya mzee nikaifumua, uzi wake nimfumie mtoto wa wifi ya miezi sita, na mama nimfumie mpya ya sufu, sentimita 102, kwa sindano za milimita 5?

#48 Mwl. Mstaafu

Vipimo hivyo ni sahihi. Fuma kwanza kipande cha sampuli, kifue, ndipo ukipime.

#49 Shangazi wa Lushoto

Kuifumua usithubutu. Umeshatoa, si yako tena. Mama ameiwekea ubarikio, ameshawaambia majirani, wewe unakwenda kuivunja kwa sababu ya watu wa mtandaoni? Mfumie ya pili ya kuchotea maji na hiyo umwachie.

#50 Nesi wa Zamu

Mtoto akriliki si mbaya, ila usimwekee karibu na jiko. Na kofia, 43.

#51 Mtu wa Kinangop

Shangazi yuko sawa kwamba asiifumue bila ruhusa. Ila mwuliza mama mwenyewe, usimwulize kwenye simu. Nenda mwezi wa saba, ulale huko, uamke naye saa kumi na moja umwone anavaa nini na nini kabla ya kuwasha moto. Kisha ndipo uanzishe mishono.

#52 Kijana wa Ilala

Na nauli ya Makete mnamchangia?